Wiki Baba Alipokuwa Marehemu

Baba yangu aliwahi kufa karibu wiki nzima, akiwa amekaa kwenye kiti chake, akinywa chai. Nasema hivi kwa heshima zote, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekitangaza kifo hicho, na kwetu mtoto hambishii mzazi. Waliomfahamu hawakushangaa sana. Mtu aliyefundisha kwaya ya kanisa tangu kabla mimi sijazaliwa, mtu ambaye kuanzia Kombewa mpaka kule chini ziwani kila mmoja anamwita Mwalimu, hawezi kufa kimyakimya kama watu wa kawaida.

Chanzo chake kilikuwa kinanda.

Kwetu tulizaliwa wavulana wawili, kaka yangu na mimi. Kaka alichukua masikio ya Baba yote, mimi nikaachiwa pua. Alipokuwa kijana alinunua kinanda cha umeme, kile cha kubebwa begani kwenye mfuko mweusi, akawa anazunguka nacho Kisumu nzima akipiga kwenye harusi. Alipanga chumba Migosi, akaoa, akalisha watoto wake kwa kinanda hicho. Baba hakukipenda hata siku moja. Kwaya yake iliimba bila ala yoyote. Alikuwa na ubao wake mweusi wenye do re mi zilizoandikwa kwa chaki, mikono yake miwili, basi. Ala, alikuwa akisema, ni magongo ya watu wasioweza kusimama kwa sauti zao.

Pasaka moja Mama akambembeleza mpaka akakubali kaka aje na kinanda kanisani, kwa sharti kwamba kitulie chini ya sauti za watu, kisijitokeze. Beti mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ubeti wa tatu, sijui shetani gani alimgusa kaka kidole, akabonyeza kile kitufe cha ngoma zinazojipiga zenyewe. Haki ya Mungu, akina mama wa sauti ya pili hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Viuno vikajibu. Kwaya yote ikakifuata kinanda, kasi juu, na Baba pale mbele akabaki na mikono yake hewani akiwaongoza watu waliokwisha kuondoka. Kanisa lote lilishangilia. Mimi nilishangilia pia, kwa kuwa sikuwa nimeuona uso wake.

Ibada ilipokwisha, Baba alikichukua kile kinanda mwenyewe, akakipeleka kwenye stoo nyuma ya kanisa, akafunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwa joho lake. Kaka alimfuata nyuma akimwomba.

"Kitatoka kitakapotubu," Baba akasema.

Mimi nilicheka. Nilikuwa peke yangu katika kucheka huko.

Zikaja mvua za masika. Paa la stoo ile lilikuwa linavuja. Siku mchungaji alipofaulu kuupata ufunguo, baada ya kumrai Baba kwa wiki kadhaa, kaka alikiinua kinanda chake na maji yakamwagika kutoka ndani, pamoja na mende mmoja aliyekufa maji. Alijaribu kukiwasha. Hakikutoa hata mlio. Alikifunga nyuma ya bodaboda akarudi nacho Migosi, kana kwamba kuna mahali kingetibiwa. Harusi za msimu ule zikampita. Mwishowe akapata kazi ya kupakia saruji na nondo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi mjini, watu waliomtendea vyema, lakini vidole vya mpiga kinanda si vya kubeba saruji. Nyumbani hakukanyaga tena. Miaka miwili na zaidi ikapita.

Ukimuuliza Baba, jibu lake lilikuwa moja. "Mvua ni ya Mungu. Mimi nilifunga mlango, sikufungua mbingu." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyelifanyia mazoezi. Ila Mama aliwahi kuniambia jambo, na tangu hapo sikuacha kuliangalia: kila jioni tukisali Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, Baba alipatwa na kikohozi. Kikohozi kilikuwa na adabu sana. Kilikuja mahali hapo tu, kikaondoka kwenye majaribu.

Sasa hayo yangekuwa ya kwao wawili, lau si ujenzi. Kwetu mtoto wa kiume hajitokei tu akajenga boma lake. Akishakuwa na mke na watoto, inafika siku babake anamtangulia alfajiri mpaka mahali papya, na shoka na jogoo na moto, na baba ndiye anayesimika nguzo ya kwanza. Nyumba inajengwa siku hiyohiyo, na usiku watu wanalala ndani. Tunaita kupiga dala. Bila baba, hakuna dala. Na la pili, ambalo ndilo lililonihusu mimi: mdogo hawezi kumtangulia mkubwa. Kaka asipojenga, mimi sijengi.

Mabati yangu yalikuwa yameegemea ukuta wa jiko la Mama tangu zamani, kuku wakitagia chini yake. Mke wangu aliyaita mabati yale mke mwenza. "Mwenzangu hajambo leo?" angeniuliza nikirudi kutoka kijijini. Nilivumilia, lakini nawaambieni, mwanamume mwenye ndevu kulala kwenye kijumba cha ujana wake ndani ya boma la babake kila Krismasi, huku mkewe akimwangalia, si jambo la kumjenga mtu kiroho.

Basi nikaenda Migosi. Nikamkuta kaka anajipaka mafuta mikononi, mikono imepasuka kwa saruji. Nikamwambia, omera, ndugu yangu, twende ukamwombe mzee, mjenge, yaishe.

"Nikamwombe yeye?" akasema. "Aliyekuja kuniomba mimi ni nani?"

"Yeye ni mzazi."

"Najua ni mzazi. Mwambie asijisumbue. Nitaenda na Baba Mdogo."

Baba Mdogo ni ndugu yake Baba, mtu mzuri, mpenda nyama. Lakini baba mdogo humshika mtoto mkono siku hiyo kama babake mwenyewe hayupo duniani. Ukimwita huku babako yuko hai, yuko pale nyumbani anasoma gazeti la juzi, hapo umeshamzika. Kaka alijua hilo vizuri. Lilimtoka kwa hasira, nami nilitaka liishie palepale kati yetu na chupa ya mafuta. Kumbe alikwisha kumpigia simu Baba Mdogo, na Baba Mdogo, badala ya kumkanya, alikwenda moja kwa moja kwenye bucha ya Kombewa kuagiza kifua cha ng'ombe mapema. Muuza nyama akamuuliza ni cha sherehe gani. Akajibu.

Habari ilifika nyumbani kabla yake.

Nilikuwepo. Baba aliposikia, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kumbe mimi ni marehemu," akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyenijulisha."

Asubuhi yake akaanza. Jirani akapita ukingoni mwa ua, "Mwalimu, umeamkaje?" Baba akamjibu kwa upole kwamba marehemu haamkiwi, apite kwa mjane. Mchungaji akapiga simu kuhusu ratiba ya Jumapili. Akaambiwa mwenye simu ametangulia mbele ya haki. Mimi nikamwita Baba, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama yatima. Alikubali chai tu, kwa hoja kwamba hakuna matanga yasiyo na chai.

Mama alimwacha hivyo kwa siku moja. Ya pili akaingia mchezoni, na Mama akiingia mchezoni afadhali utoke. Alikaanga ngege, samaki ambaye Baba angemfuata mpaka Uganda, akagawa wote kwa jirani. "Marehemu hali," akasema. Kisha akakaa mlangoni akichambua mboga, akawa anaongea na mimi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Sasa mwanangu, nani atanirithi? Namfikiria yule binamu ya babako wa Ahero. Ana mashamba ya mchele. Mimi katika ndoa hii sikuwahi kula mchele nikashiba."

Kiti kikalia ndani.

"Na ana meno yote," Mama akaongeza.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, lakini nisidanganye, hakikuwa kicheko kitupu. Jioni hiyo sikumwona Baba kitini. Nikamtafuta, nikamkuta kwenye kile kipande cha juu karibu na mpaka, mahali palipotengwa kwa boma la kaka. Alikuwa na panga, anafyeka nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa fupi. Pale pote palikuwa safi, pamefyekwa si mara moja, wala si mwezi ule. Nikarudi nikamuuliza Mama.

"Tangu yule aondoke," akasema. "Kila zikiota. Anadhani sijui anakokwenda."

Nilimhurumia na nikamkasirikia kwa wakati mmoja. Nikamrudia. "Baba, si umwambie tu kwamba utaenda naye?"

Hakuacha kufyeka. Kwa mara ya kwanza wiki ile alisahau kuwa amekufa. "Baba hajialiki kwenye boma la mtoto," akasema. "Anaitwa. Asipoitwa, anakaa." Akafyeka kidogo tena mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Na mimi sitaitwa."

Nikamweleza Mama. Mama akafunga leso yake vizuri kiunoni, akachukua simu yangu, akampigia kaka. Namnukuu: "Njoo Jumamosi mchana. Babako ni marehemu, kwaya inakuja kumwimbia, na wewe ndiye mtoto wa kwanza. Usilie, anakunywa chai." Akakata. Halafu akawapigia watu wa kwaya.

Jumamosi walikuja wote, na majoho yao ya bluu, wakasimama uani. Baba alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, macho amefumba, mikono juu ya mapaja, maiti mwenye nidhamu. Kaka alifika wa mwisho kwa bodaboda. Hakumkaribia. Akajipenyeza nyuma kabisa, kwenye besi, kati ya wazee watatu aliosimama nao tangu sauti yake ilipovunjika.

Wakaimba wimbo wa maziko ambao Baba mwenyewe ndiye aliyeutunga. Walianza juu mno. Mtu akashuka, wengine hawakushuka. Sauti ya tatu ikafuata njia yake binafsi. Mpaka leo sijui kama Mama aliwaagiza au huo ndio ulikuwa uwezo wao bila yeye. Nimeuliza, kila mtu anatazama pembeni. Nilichokiona ni kidole cha Baba kuanza kugonga paja. Kikafuata kisigino. Ubeti wa pili, shingo ikaanza kutetemeka. Kwenye kiitikio, pale ambapo sauti zote nne zinatakiwa kukutana kwa neno "nyumbani", zilikutana kama watu waliogongana mlangoni.

"Basi," Baba akasema.

Wakanyamaza. Akasimama, akashuka kibarazani.

"Hata kuzikwa, mnizike hivi?" Akaenda kwenye sauti ya tatu. "Ninyi, noti hiyo mmeitoa wapi? Irudisheni." Akawapa yake. Wakaiimba. Akaenda kwenye sauti ya pili, akawaambia kwamba kupendeza si kupaza. Soprano akawashusha, akawashusha tena. Alikuwa amefufuka kabisa, mashavu yamepata damu, watu wanauma midomo wasicheke. Kisha hakukuwa na sauti nyingine iliyobaki ila besi.

Akafika mbele yao. Wazee watatu wakatazama viatu vyao. Akawaamuru waimbe kipande chao peke yao, wakaimba, na katikati ya zile sauti nzee za mikwaruzo ilikuwepo moja iliyonyooka, imezishika nyingine zote zisianguke. Baba aliisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa unafanya kazi ngumu.

"Besi," akasema, na aliyemtazama alikuwa mmoja, "iko sawasawa."

Ni lazima nieleze. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Baba akisifu zaidi ya hapo. Nilipofaulu mtihani wangu wa mwisho aliniambia nimejaribu. Sawasawa alikuwa akiwawekea malaika.

Kaka akasonga mbele ya wale wazee. Alikuwa amejiandaa kusema maneno mengi, niliona, na mengi yakampotea. "Baba," akasema. "Nilisema neno baya. Nilikuzika ukiwa hai. Nakuomba unisamehe. Nimekuja kukuita. Jumatatu asubuhi nataka kujenga."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Hakuna kuku aliyelia.

"Saa ngapi?" Baba akauliza.

"Kabla jua halijatoka."

"Usichelewe. Wewe kila siku unaingia nusu pigo nyuma." Akageuka upande wa jikoni. "Mama watoto, hakuna samaki nyumba hii?"

Baba Mdogo, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya chai ya matanga, aliuliza kama ile nyama ya bucha bado inahitajika. Akaambiwa inahitajika.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, kwa kuwa ndipo nilipodhani yameishia. Mtoto ameomba msamaha, mzazi amekula ngege watatu, mimi nimeshaanza kuyafuta mabati yangu vumbi. Nilisahau kwamba aliyekosewa zaidi hakuwa ameombwa kitu.

Jumatatu alfajiri tukapanda kwenda juu. Baba mbele na shoka, kaka nyuma yake, mke wa kaka na kijinga cha moto, mimi na nguzo begani. Jogoo alikuwepo. Baba ni Mkristo wa kutosha kuzikataa mila na Mjaluo wa kutosha kuogopa kuziacha, kwa hiyo alitangaza njia nzima kwamba jogoo huyo ni wa mchuzi tu. Tulipofika, alisali. Akamshukuru Mungu kwa ardhi, kwa mke wa mtoto wake, kwa mvua. Alipotaja mvua alisimama.

Nilidhani ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi.

"Siwezi kuisimika nguzo hii," akasema.

Shemeji yangu alishusha moto chini. Mimi moyo wangu ulikwenda miguuni, na sikuwa nafikiria mabati, naapa.

Baba alimgeukia kaka. Alikuwa amelishika shoka kwa mikono miwili kama anavyoshika kitabu cha nyimbo. "Nimekuwa nikisema mvua ni ya Mungu," akasema. "Kile chombo chako nilikifungia mule nikijua paa linavuja. Nilijua. Watu walikufuata wewe, mbele yangu, ndani ya kanisa nililolifundisha kuimba, nikaona wivu. Mtoto wangu mwenyewe. Nikakiweka pale pale chini ya tundu." Sauti ikamkatika, akaisubiri irudi. "Chakula cha watoto wako. Siwezi kukujengea nyumba juu ya uongo huo. Nisamehe, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Hakuwa amemwita hivyo tangu kaka akiwa na kaptula.

Ng'ombe wa mtu fulani walipita chini barabarani na kengele zao. "Nilijua, Baba," kaka akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa nyuma yako mlangoni siku ile, nakuomba. Ulitazama juu kwanza. Ukaliona lile tundu. Halafu ukasukuma kinanda kwa mguu mpaka chini yake."

Baba aliliteremsha shoka chini. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa mdogo vile.

"Miaka yote hii ulijua," akasema. "Na bado umekuja kuniita?"

"Ningefanyaje?" kaka akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka wala hakuyafuta. "Kila nilipokaa kujiambia sina baba, nilikuwa najiambia kwa sauti yako."

Akaja akanipokonya nguzo begani, akaisimamisha kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa, akaishika. Baba akainua shoka kuigonga nguzo kwa upande wake butu. Pigo la kwanza lilikosa kabisa, maana hakuwa anaona kwa machozi. La pili likagonga nguzo upande. Kaka aliendelea tu kuishika kwa ile mikono yake iliyopasuka, karibu sana na mahali shoka lilipokuwa likitua, hakuisogeza.